Umande wa Bwaloni

Wingu la mbele halichungwi. Hilo ndilo jambo la kwanza unalojifunza ukishalala. Unalifuata tu, kama tulivyokuwa tukimfuata fahali mzee kwenda mnywesho, na mengine yote yanakufuata wewe, yakisuguana mbavu, yakitoa ule mlio ambao mtu aliye macho hausikii, mlio kama wa watu wengi wanaokunja shuka.

Nilikuwa juu ya Kongwa, asubuhi. Chini yangu ardhi ilikuwa nyekundu na kimya. Nilikuwa na mwili na sikuwa nao. Mkononi nilishika fimbo, ingawa nilijua hakuna fimbo. Kulikuwa na vishada vya kampuni, vingi kuliko nzige, vyembamba kama mbawa za kumbikumbi, vikielea humo mawinguni na kutema chumvi na cheche za umeme. Nikiinua fimbo ndotoni, vishada viligeuka. Nikiishusha, vilitulia.

Wahandisi walianza kwa kuviongoza kwa mashine. Mashine ikapiga hesabu ya kila tone, na mawingu yakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Ndipo mmoja wao akagundua kwamba ubongo uliolala, wa mtu aliyekua akichunga, huyakusanya mawingu bila hesabu yoyote. Wakaja kwetu. Waliotaka ng'ombe wetu zamani, wakataka mikono yetu baadaye, sasa wakataka usingizi wetu. Tukawapa. Mvua ilikuwa imekwisha kuwa mali ya watu, na asiyekuwa na kazi kwenye kampuni hiyo, Malisho ya Juu, hakuwa na njia nyingine ya kuipata.

"Wee Mgogo!" Sauti ilitoka kulia kwangu, nyuma ya mlima wa mawingu meusi. "Toa hivyo vikondoo vyako njiani, wenye ng'ombe tupite!"

"Mla mbwa! Mbwa wako wa kuswagia wako wapi?"

"Nimewala. Ungekuja na bakuli lako la kuombea ningekubakizia mchuzi."

Huyo ni Tarsila Kihwele, Mhehe wa Kalenga. Babu zake na babu zangu waliuana sana, ndiyo maana mimi na yeye hatuwezi kukasirikiana. Ni mtani wangu. Kitanda chake kwenye bwalo la kulalia kilipakana na changu, na ndotoni kundi lake lilipakana na langu. Alinitukana kila siku ya Mungu, nami nikamjibu, na nilipougua ni yeye aliyenilisha uji.

Tuliyafikisha makundi kwenye mashamba ya wateja, yale yaliyozungushiwa uzio mpaka upeo wa macho. Yakanyesha. Nilibaki na mkia.

Mkia ni wingu la mwisho la kundi, lile chakavu, linalochechemea nyuma. Ni la mchunga. Kampuni haikututunuku kwa kutupenda. Mwanzoni walituzuia, tukawa hatulali. Ubongo wa mtu aliyekua akichunga hauamini kuchunga kusikokuwa na kibuyu cha maziwa jioni. Basi wakatuachia mkia. Mimi wa kwangu niliupeleka Chilendu, kwetu. Nilipenda kuwaona kutoka juu: watoto wanatoka mbio na masufuria, mama anasimama katikati ya uwele wake, kanga ameishusha mabegani, kichwa wazi, uso juu. Hakujua niko wapi hasa humo winguni. Alinipungia kila mahali.

Siku ile sikufika. Nilipokata kona ya Hogoro, lile wingu chakavu likaniingia kifuani. Sijui niseme vipi. Lilikuwa na mawe ya barafu ndani yake, nikayasikia yakigongana mbavuni mwangu. Fimbo ikaanguka. Nikaona mkia wangu unakatika vipande vipande juu ya majabali ambako hakuna anayelima, nami naanguka pamoja nao, polepole, kama unyoya.

Nikaamka nakohoa, bwaloni, juu ya mlima Kiboriani, jua limejaa madirishani. Shuka lilikuwa kavu. Nywele zangu zilikuwa kavu. Lakini nilitetemeka kama mtu aliyevuka mto kwa miguu.

"Umande," alisema Tarsila, ambaye naye alishaamka. Akanishika kichwa juu ya ndoo.

Ndivyo tulivyouita ugonjwa huo. Mwili unaoaminishwa siku zote kwamba uko mvuani, mwishowe unaamini. Yoramu Ndahani, mchunga mwenzetu, aliaminishwa mpaka akafa, kitandani, akiwa amekauka kabisa, na midomo ya bluu kama ya mtu aliyeopolewa kisimani. Daktari wa kampuni alisema moyo. Sisi wengine tulipokohoa tulisema mafua, tukarudi kulala. Nani angesema lingine? Mimi nililala siku nilizoweza, nikakosa zamu siku ambazo sikuweza kusimama.

Sasa siku hizo zilikuwa zimeongezeka mno. Kabla sijamaliza kutapika, sauti ya darini ikaniita mezani, panapoamuliwa mashauri ya wafanyakazi.

*

Chumba cha meza kilikuwa upande wa bonde, na kwa sababu ya urefu wa mlima mawingu yalipita chini ya dirisha. Nilikuwa bado nusu ndotoni. Niliyatazama nikataka kuyahesabu masikio kama ng'ombe.

Nyuma ya meza aliketi Bi. Eliamani Mrutu, mkuu wa wafanyakazi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Damari. Keti. Na huyu?"

"Msindikizaji," alijibu Tarsila, akakalia kiti kabla hajaonyeshwa. "Kanuni inaruhusu mmoja. Angeruhusiwa wawili angeleta na mbuzi, Wagogo hawaachani nao."

Bi. Mrutu hakucheka. Akainua macho darini. "Karani, anza."

Karani hakuwa mtu. Alikuwa sauti, ya kijana aliyelelewa vizuri ambaye hajawahi kukaripiwa. Alisikiliza kila kilichosemwa bwaloni, usiku na mchana, na kwa kusikiliza huko alijifunza kutuhukumu.

"Damari Mhembano," alisema, "mchunga mawingu, amekosekana kitandani mara kwa mara, msimu huu na uliopita. Sababu aliyoitoa ni kifua. Vipimo ni safi. Hakuna mdudu, hakuna maji mapafuni. Zaidi ya hayo, mfanyakazi mwenza amethibitisha mara nyingi kwamba mhusika haumwi."

Nilimtazama Tarsila. Tarsila alinitazama.

"Mfanyakazi gani huyo mchawi?" akauliza.

"Tarsila Kihwele," alisema Karani, na palepale sauti ya Tarsila mwenyewe ikajaa chumbani, kubwa, ya mwanamke aliyeshiba: "Amka wewe Mgogo, huumwi lolote! Umejaza mlenda tumboni unatafuta pa kujinyoosha. Mmeomba unga, mmeomba chumvi, mmeomba mvua, sasa mmeishiwa mnaomba na ugonjwa!"

Tarsila alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka, na kicheko kikamkauka usoni.

"Mama, huo ni utani."

"Ni kauli yako," alisema Karani.

"Siku hiyo nilikuwa nimemshika kichwa anatapika! Hukusikia anatapika?"

"Nilisikia. Kutapika si kauli."

Nilihisi mkono wa Tarsila unatafuta wangu chini ya meza. Ulikuwa wa baridi.

"Mama Mrutu," akasema, polepole sasa. "Wewe ni Mpare. Huna Mchaga wako anayekuambia utauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku?"

Mdomo wa Bi. Mrutu ulicheza kidogo. "Ninao. Wengi."

"Uliwahi kumpeleka mmoja polisi?"

"Tarsila, mimi nimekuelewa tangu neno la kwanza." Alivua miwani. "Nilijua leo tusi lako litatolewa, na nilijua ni utani. Lakini kinachoingia kwa Karani hakitoki. Kinaweza tu kuzidiwa na kingine kizito zaidi." Akanigeukia mimi. "Ndiyo maana nimekuita mchana huu, kabla wakubwa wa mjini hawajaamua wenyewe. Damari, mlango upo. Tamka hapa kwamba kifua hiki ulikuja nacho kutoka kwenu. Moshi wa jikoni, vumbi, chochote cha utotoni. Hapo unakuwa mgonjwa wa asili. Wagonjwa wa asili hawafukuzwi. Watakupa mawingu ya asubuhi, yale mepesi. Kitanda chako kinabaki. Mkia wako unabaki."

Nilipeleka vidole nyuma ya sikio, palipo na mbegu. Kila mchunga anayo, ndogo kama punje ya uwele, imepandwa chini ya ngozi. Ukifukuzwa inang'olewa, na ikishang'olewa huoti tena kitu chochote, si mawingu, si marehemu wako, si hata ile ndoto ya kipuuzi ya kuchelewa shule.

"Na nikisema nimeupata humu?"

"Humu hakuna ugonjwa wa namna hiyo," alisema Karani kwa upole. "Sijawahi kuambiwa upo. Utakuwa umekosekana bila sababu."

"Na akisema alikuja nao," akaingilia Tarsila, "sisi tunaokohoa naye?"

Bi. Mrutu akawahi kuinua mkono, lakini Karani hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa mkono. "Kauli ya kwanza iliyo wazi juu ya jambo jipya huwa msingi wa zote zinazofuata," alisema. "Nitajua kwamba kifua cha aina hii hutoka nyumbani. Litanisaidia kufunga mashauri yaliyobaki, likiwemo la mjane wa Yoramu Ndahani."

Hapo ndipo nilipoiona njia yote, wazi, kama unavyoiona mito mikavu ukiwa juu. Walikuwa hawanifungulii mlango. Walitaka nitembee ndani yake ili nyayo zangu ziwe barabara.

"Nipe muda mpaka baada ya chakula," nilimwambia Bi. Mrutu.

"Kikao kinakungoja," alisema. Hakunitazama.

*

Nilikwenda kulala chali kwenye majani nyuma ya jiko. Wapishi walikuwa wanasonga ugali na kuzozana juu ya chumvi. Mawingu ya wenzangu wa zamu ya mchana yalipita, nami nikayajua kwa mwendo: lile la mzee fulani aliyezoea punda, lile la binti aliyechunga mbuzi tu, linarukaruka. Nilikuwa macho, lakini mbegu ilinivuta, nikaelea kidogo, mgongo ukiwa bado majanini. Niliogopa kwamba ningezoea kutazama mawingu kama watu wengine wanavyoyatazama, kama picha.

Nikampigia mama.

"Damari, mwanangu! Asubuhi tulitoa masufuria bure. Ulilala vibaya?"

"Niliugua, mama."

"Tena?" Nikamsikia akihamisha simu sikio la pili. "Pole. Uwele umefika magotini umejikunja, masikio kama ya mbuzi mgonjwa. Mkia mmoja tu, mwanangu. Miwili ingekuwa neema, lakini mmoja ungetufikisha."

Nikamweleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Basi sema," akasema nilipomaliza. "Sema ulikwenda nacho. Utapungukiwa nini? Maneno hayana jua wala mvua."

"Mama, babu wa babu alipokwenda kwenye mkonge, kule Kilosa, walimwambia nini?"

Kwetu hadithi hiyo haihadithiwi, inarithiwa kama kovu. Alikwenda manamba, akakata mkonge, akavuta vumbi la nyuzi zile miaka na miaka, na alipoanza kutema damu walimpa kipande chake, ile kadi ya kibarua, na nauli isiyofika kwao. Daktari wao alimwandika kwamba alikuja akiwa hivyo. Na kwa kuwa wa kwanza aliandikwa hivyo, wote waliomfuata waliandikwa hivyo. Wakaja kufa njiani, mmoja mmoja, kati ya Kilosa na Gulwe, wagonjwa wa kwao.

"Walisema alikwenda nacho," alisema mama.

"Na alikwenda nacho?"

"Alikwenda akiwa anavuka mto na ndama begani." Sauti yake ikawa kali. "Lakini usiniulize ya mkonge, Damari. Mimi nakuuliza ya uwele. Waliokufa hawali. Wa nyumba ya chini wana mapacha, wa juu ana mzee asiyeona. Utawaambia nini, kwamba umeulinda mkonge?"

Kengele ya chakula ikalia, simu ikiwa bado sikioni mwangu. Mtu akikuambia yuko upande wa haki na hajasikia sauti ya mama yake akiuliza juu ya uwele, muulize hiyo haki yake inakula wapi.

"Sema wanachotaka," mama akarudia, taratibu sasa. "Halafu uniletee mvua."

*

Nilirudi mezani nikiwa nimeamua kusema nilikuja nacho.

Nasema kweli yangu. Nilikuwa nimeshayapanga maneno: moshi wa jikoni kwa bibi, vumbi la Chilendu. Bi. Mrutu alikuwa amekaa vilevile. Tarsila alikaa vilevile, mikono mapajani, hajatania hata neno moja, na ukimya wake ulinitisha kuliko Karani.

"Karibu tena," alisema Karani. "Tafadhali taja jina, kisha chanzo cha ugonjwa."

"Damari Mhembano." Nikafunga macho ili nimwone mama katikati ya uwele, anipe nguvu ya kusema. Badala yake nikayaona mawingu. Yalikuwa yametulia, kundi zima, yakinitazama kwa ule upole wa kijinga walio nao ng'ombe wakikuamini. Chini yake njia ilitoka Kilosa ikaja magharibi, na kandokando ya njia walilala watu, wamejifunika vipande vya magunia, kila mmoja ameambiwa ugonjwa ni wake mwenyewe. Nikawaona wanasogeana kupisha nafasi. Nafasi hiyo ilikuwa ya Tarsila.

"Nimeupata humu," nikasema.

Tarsila akavuta pumzi.

"Nimeupata juu ya Kongwa, kwenye mvua ya mawe, nikiwa kazini, nimelala kitandani kwenu. Yoramu Ndahani aliupata humuhumu. Nilikuja hapa na kifua cha kupigia mbiu."

"Kauli imepokelewa," alisema Karani. "Haina ya kufanana nayo. Mhusika amekosekana bila sababu. Ajira imekoma. Mbegu itolewe leo."

Bi. Mrutu alishika ukingo wa meza. "Ungesema moshi," alisema, kama anayejisemea. "Ungesema tu moshi, binti yangu."

*

Kiti cha kung'olea kilikuwa chumba cha pili, kiti kama cha kinyozi, kina taa kubwa juu yake. Tulipoingia, nikiwa katikati ya mtaalamu wa mbegu na Bi. Mrutu, tulimkuta Tarsila ameshalala juu yake, miguu imening'inia, kanga amejifunika mpaka kidevuni.

"Toka hapo," alisema mtaalamu.

"Sitoki."

"Mama, hiki ni chombo cha tiba."

"Hiki ni kaburi," alisema Tarsila. "Mnataka kumzika mtani wangu. Mgogo huyu mvivu, mla mlenda, amekufa leo. Kwetu maiti haiingii kaburini kabla ya mtani, na mtani akishaingia hatoki mpaka alipwe. Kawaulizeni mama zenu."

Mlangoni palianza kujaa. Wa zamu ya mchana nao waliamka, wakaja na shuka mabegani. Mzee mmoja Mnyamwezi akapiga kofi moja la furaha. "Kweli kabisa!" alisema. "Kwetu aliingia mmoja akatoka na jogoo!"

"Jogoo kwa maiti wa kawaida," alisema Tarsila kutoka kitini. "Huyu alikuwa mzito, alinichosha. Nataka kikubwa."

Watu wakacheka, kicheko kikawatoa kikohozi, kikohozi kikapita kutoka mtu hadi mtu mpaka nje ukumbini. Hapo wakatazamana, kwa sababu kila mtu alikuwa amekisikia. Tulikuwa hatujawahi kukohoa pamoja.

"Unataka nini?" aliuliza Bi. Mrutu.

"Karani amesema kauli ya Damari haina ya kufanana nayo. Mimi ninayo. Karani! Sikia na hili, kama ulivyosikia matusi yangu. Mimi Tarsila Kihwele nimepata umande humu!"

"Kauli hupokelewa wakati wa kikao tu," alijibu Karani.

Mzee Mnyamwezi akasema, "Na mimi humu." Mwanamke nyuma yake akasema humu. Mtu ambaye sikumwona akapaza sauti kutoka ukumbini, humu, kisha akakohoa kama anayetia muhuri.

"Kauli hupokelewa wakati wa kikao tu," alirudia Karani, kwa sauti ileile, bila hasira. "Bi. Mrutu, tafadhali thibitisha kwamba kikao kimefungwa."

Wote tukamtazama. Dirishani, nyuma ya kichwa chake, mawingu ya mchana yalikuwa yanatangatanga, wachunga wake wamesimama mlangoni na shuka. Mengine yalianza kushuka bondeni. Alijua bei ya kila moja. Alijua pia, nadhani, bei ya kiti chake mwenyewe. Akavaa miwani, akaivua.

"Karani," alisema, "sijakifunga."

"Hukumu ya Damari Mhembano imekwisha kutolewa," alisema Karani. "Hairudi nyuma."

"Najua. Wapokee hawa."

Basi walisema. Sitasahau. Walisema mmoja mmoja, kila mtu na jina lake na la baba yake, na wapi juu ya nchi hii umande ulimwingia: juu ya Bahi, juu ya Kibakwe, juu ya bwawa la Mtera kwenye upepo. Hakuna aliyetaja kwao. Wengine walilia. Wengine, watani wao wakiwa nyuma, walitukanwa waharakishe. Karani alipokea, akapokea, na kwa mara ya kwanza sauti ile iliyolelewa vizuri ikachelewa kidogo kati ya jina na jina.

Tarsila akashuka kitini. "Nimelipwa," alisema. Akakipangusa kwa pindo la kanga, kiti kizima, mpaka pa kuwekea kichwa. Kisha akanishika mabega, na uso wake haukuwa na utani wowote.

"Haya, lala, mtani."

Nikalala. Taa ilikuwa nyeupe. Haikuuma.

*

Mama alikuwa korongoni nilipofika Chilendu. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi, lakini ukichimba vya kutosha maji yapo chini, machache, ya rangi ya chai. Alikuwa amezama kwenye shimo mpaka kiunoni, anajaza mchanga kwenye ndoo. Aliona nina furushi. Alitazama juu, akatazama nyuma ya sikio langu palipofungwa bandeji, akaendelea kuchimba.

"Ulisema nini?"

"Nilisema nimeupata kule."

Ndoo ikapanda, nikaipokea, nikaimwaga. Ikapanda tena. Nilikohoa, akasubiri nimalize.

"Na wenzako?"

"Wamesema hivyohivyo. Karani hajaamua bado. Tarsila anasema hawatalala mpaka aamue."

"Kwa hiyo hata mikia ya wengine haitatoka."

"Kwa sasa, hapana."

Alisimama mle shimoni, mikono juu ya ukingo, mchanga umemkauka usoni. Nilidhani atanipiga. Nilidhani atalia. Mama yangu hana tabia ya kufanya ninachodhani.

"Yule babu wa mkonge," alisema, "hakuna aliyemwuliza. Angeulizwa angesema. Alikuwa na mdomo kama wako." Akachukua koleo. "Lakini mimi siwezi kwenda kuwaambia watu habari hiyo. Walitoa masufuria jana, na leo watatoa. Nenda mwenyewe, ukawaambie kwa nini hakuna mkia. Mimi nitachimba."

Nikapanda ukingo. Watu walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya nyumba zao, masufuria miguuni, nyuso zimeelekea juu. Juu palikuwa na mawingu. Sikujua ni ya nani, wala yanakwenda wapi.

Nilianza na nyumba ya wenye mapacha.